Ujuzi Haukai Ndani ya Faili

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kibara, Wilaya ya Bunda)



Katibu aliponiandikia alinipa kichwa cha maneno kirefu: “Namna uhusiano mwema baina ya watu unavyosaidia kuenea kwa ujuzi katika mashirika.” Nilipokisoma mara ya kwanza nilidhani barua imekosea njia, kwamba ilikuwa ya profesa fulani wa Dar es Salaam. Lakini nilipokaa nikatafakari, niliona ni swali ambalo kila mmoja wetu amekutana nalo kazini. Kwa nini ofisi mbili zina mafaili yale yale, mishahara ile ile na semina zile zile, lakini katika moja watu hufundishana kazi, na katika nyingine kila mtu hustaafu na lake moyoni?

Jibu langu nitalitoa mapema, nisije nikawachosha wazee. Ujuzi haukai ndani ya faili. Ujuzi hukaa ndani ya watu, na huhama kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine pale ambapo wawili hao wana jambo linalowaunganisha zaidi ya kazi yenyewe. Nitajaribu kulithibitisha jambo hili kwa mifano ya hapa kwetu na ya mbali, kisha nitasema jambo ambalo naona chama chetu hakina budi kulifanya, na kulifanya upesi.

Ujuzi wa aina mbili

Tuanze na hapa tulipo. Ukishuka mwaloni jioni, katika siku za giza, utawakuta wavuvi wa dagaa wakitayarisha taa zao. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi wengi wanatumia taa za betri na za nguvu za jua. Wanakwenda ziwani siku ambazo mwezi haupo, kwa sababu dagaa hufuata mwanga wa taa, na mwezi ukiwaka taa haina nguvu. Hayo nimeyaeleza kwa maneno machache tu, na hata mtoto wa darasa la tatu ameyaelewa. Huo ndio ujuzi wa aina ya kwanza. Unasemeka, unaandikika, na unaweza kuufunga katika bahasha ukautuma kwa posta.

Lakini yuko mvuvi mzee ambaye akisimama ufukweni, akaona wingu lilivyokaa upande wa Ukerewe na akasikia upepo unavyomgusa, atawaambia wenzake leo hatuendi. Ukimwuliza amejuaje, atacheka. Hawezi kukueleza, na si kwamba anakunyima. Atakwambia tu: “Twende siku moja, utaona.” Huo ndio ujuzi wa aina ya pili. Msomi mmoja aitwaye Michael Polanyi alitoa kitabu mwaka 1966 kueleza kwamba sehemu kubwa ya ujuzi wa binadamu ni ya namna hii, yaani mtu anaujua lakini maneno ya kuusema hana. Wavuvi wa Mwibara walikuwa wakiliishi jambo hilo kabla kitabu hicho hakijaandikwa.

Sasa, ujuzi wa aina ya pili hupatikanaje? Hupatikana kwa kukaa karibu na mwenye nao. Na mvuvi hamchukui kila mtu mtumbwini. Mtumbwi ni mdogo na ziwa ni kubwa. Kosa la mmoja huzamisha wote. Anayechukuliwa ni mtoto wa dada, au mtoto wa jirani, au yule kijana aliyekuwa akija kusaidia kushona nyavu bila kuitwa. Ndiyo kusema kwamba njia ya kupitia ujuzi ilikwisha kulimwa zamani kwa ajili ya mambo mengine kabisa: harusi, misiba, kukopeshana chumvi. Ujuzi unapokuja hukuta njia iko wazi.

Mizani ya pamba

Mfano wangu wa pili unahusu zao lililotulipia ada za shule wengi wetu, yaani pamba.

Wazee wetu waliolima pamba kabla ya Uhuru katika Jimbo la Ziwa walitusimulia kilio chao kikubwa, nacho kilikuwa mizani. Mkulima alifika kwa mnunuzi na mzigo wake, mzigo ukapandishwa kwenye mizani, mnunuzi akasoma, mkulima akapokea alichopewa. Wengi hawakujua kuisoma mizani ile, na hata waliojua hawakuwa na nguvu ya kubisha. Miaka ya mwanzo ya 1950 vijana waliokuwa na elimu kidogo walianza kuwapimia wakulima pamba kwa mizani yao wenyewe kabla haijafika kwa mnunuzi, ili mkulima ajue uzito wa mali yake. Vuguvugu hilo lilikwenda pamoja na juhudi za kuanzisha vyama vya ushirika. Mmoja wa waliosimama mbele kabisa alikuwa Paul Bomani, mzaliwa wa huku kwetu Mara. Mwaka 1955 vyama vya wakulima vikaungana kuunda Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Victoria, naye Bomani akawa meneja wake mkuu. Hadi kufikia Uhuru muungano huo ulihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika.

Ndugu zangu, naomba tuliangalie jambo hili kwa makini. Kusoma mizani si elimu ya Chuo Kikuu. Ni kazi ya asubuhi moja. Lililokuwa gumu ni kuaminiwa. Kwa nini mkulima aliyedhulumiwa miaka yote na mtu mwenye mizani amwamini kijana mwingine mwenye mizani? Alimwamini kwa sababu alimjua baba yake. Alijua kwamba kijana akidanganya asubuhi, jioni kesi itafika nyumbani kwao, na mwaka ujao hakuna atakayekwenda kwenye msiba wao. Vile vile, kijana hakuona haya kuulizwa mara ya pili na ya tatu, kwa sababu aliyemwuliza alikuwa mzee wake. Mkulima alipofika nyumbani alimweleza jirani, na jirani akamweleza shemeji. Hivyo ndivyo elimu ya mizani ilivyokuwa ikitoka kwa mkulima mmoja kwenda kwa mwingine, bila semina na bila posho.

Mimi nilianza kazi ya ukarani mwaka 1973, nikayakuta matunda ya kazi ile. Tarehe 14 Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na kazi ya kununua mazao ikawekwa mikononi mwa vijiji na mamlaka za mazao. Sisemi kwamba vyama havikuwa na makosa. Vilikuwa nayo, na tangu mwaka 1966 Serikali ilikuwa imeunda kamati ya kuyachunguza. Ninachosema ni kwamba siku ile majengo yalibaki, mizani ilibaki, na madaftari yalibaki. Kilichokatika ni kamba iliyokuwa ikimfunga karani kwa mkulima na karani kwa karani mwenzake. Karani wa zamani alijua ni nani huleta pamba mbichi, ni nani hudaiwa na kwa nini, na ni mizani ipi huchelewa kutulia wakati wa mvua. Hayo hayakuandikwa popote, kwa sababu hakuna aliyedhani yatahitajika kuandikwa. Sheria ya kurudisha ushirika ilipopitishwa mwaka 1982, na vyama vikaandikishwa upya, tuliona kwamba chama kinaweza kurudishwa kwa sheria, lakini mazoea baina ya watu huanza upya kama mche wa pamba, kutoka kwenye mbegu.

Daftari la rafiki yetu

Hapa naomba nitoe mfano mmoja wa karibu zaidi. Wengi mtamjua mtu huyu, lakini sitamtaja jina kwa heshima ya familia yake.

Mwenzetu mmoja, tuliyelala naye bweni moja, alikuwa katibu wa chama cha msingi kwa miaka mingi. Alikuwa mwaminifu, na kalamu yake ilikuwa nzuri. Alipofariki, vijana wa chama walifungua kabati lake wakakuta daftari kubwa, lililoandikwa kwa unadhifu kabisa. Walifurahi wakidhani mambo yamekwisha. Lakini kando ya kila jina la mkulima palikuwa na alama: nukta, mkasi, duara, na mahali pengine herufi mbili tu. Hakuna aliyejua maana yake. Msimu ulikuwa karibu kufunguliwa, na wakulima walikuwa wakisubiri kuona kama chama kinayajua madai yao.

Mtu aliyewaokoa ni mjane wake. Mama yule hakuwahi kuajiriwa na chama wala kukaa kwenye mkutano wake hata mmoja. Lakini usiku wa msimu, mumewe alipokuwa akifunga hesabu, yeye ndiye aliyemshikia taa, akamsomea majina, na kumwuliza maana ya hiki na kile ili asisinzie. Alikaa na vijana wale siku mbili. Duara, akawaambia, ni mtu aliyekopa mbegu akafiwa, msimwandame. Mkasi ni deni lililokatwa nusu. Nukta ni mtu wa kuangalia mzigo wake chini, hasa katikati ya gunia. Aliweza kueleza nusu ya daftari. Nusu iliyobaki hakuna aliyeweza, na chama kililazimika kuwauliza wakulima wenyewe, mmoja mmoja, na kukubali walichosema.

Nawaombeni mlifikirie daftari lile. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa, na bado nusu ya ujuzi ilizikwa. Nusu iliyopona ilipona kwa sababu ya mazungumzo ya mume na mke usiku.

Wataalamu wamegundua nini

Baadhi ya vijana wetu waliosoma zaidi watasema: mzee anatusimulia hadithi, utafiti uko wapi? Utafiti upo.

Mwaka 1943 huko Marekani, katika jimbo la Iowa, Bryce Ryan na Neal Gross walitoa matokeo ya uchunguzi wa wakulima 259 kuhusu mbegu za mahindi chotara. Waliona kwamba wengi walisikia habari za mbegu hizo mara ya kwanza kutoka kwa wauzaji. Lakini kilichowafanya waamue kuzipanda kilikuwa neno la jirani. Muuzaji alileta habari, na jirani akaleta imani. Bwana shamba yeyote aliyewahi kuhubiri maagizo ya Ukiriguru juu ya nafasi za kupandia pamba anajua jambo hili. Unaweza kusema mpaka sauti ikauke. Watakaobadilika ni wale walioona shamba la mwenzao.

Mfano mwingine ni wa hapa hapa nchini. Katika Mkoa wa Kagera kuna kijiji kidogo cha Wahaya kiitwacho Nyakatoke, chenye kaya zipatazo 120. Watafiti waliwauliza wanakijiji nani ana uhusiano na nani, kisha Katleen Van den Broeck na Stefan Dercon wakatazama uhusiano huo pamoja na mavuno ya migomba. Matokeo yao yalitolewa mwaka 2011. Waliona kwamba habari za kilimo husambaa katika makundi yote: ndugu, majirani, na watu wanaosaidiana wakati wa shida. Lakini palipoonekana kwamba mafanikio ya mmoja yanainua mavuno ya mwingine palikuwa ndani ya ukoo.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kusikia habari ni rahisi, na habari hupita hata kwa watu wasiojuana sana. Lakini kuchukua ujuzi wa mwenzako ukautia shambani ukaleta magunia, hilo linataka mtu wa kukuonyesha, akurudie, akuone unavyokosea, naye akuvumilie. Uvumilivu wa namna hiyo watu huwa nao kwa ndugu zao. Ofisini na viwandani hatuna undugu wa damu. Kwa hiyo shirika linalotaka watu wake wafundishane halina budi kujenga kitu kinachokaribia undugu.

Vile vile, Deepa Narayan na Lant Pritchett walichunguza vijiji vya Tanzania katika miaka ya 1990. Waliona kwamba vijiji ambavyo watu wake wamejiunga zaidi katika vyama na vikundi vilikuwa na kipato kizuri zaidi, na pia vilitumia zaidi pembejeo za kisasa. Kwa hiyo vikundi vyetu vya kufa na kuzikana si mambo ya misiba peke yake.

Yanayotokea kwenye karakana

Baada ya ukarani nilifanya kazi miaka kadhaa katika kiwanda kimoja cha kuchambua pamba. Palikuwa na fundi mkuu aliyeweza kupita kati ya mashine akiwa na kikombe cha chai mkononi, akasimama, akasema rola ya tatu itakufa leo mchana. Mchana ikafa. Wakuu wa kiwanda wakaona hazina hii isipotee. Wakampa fomu aandike anayoyajua. Akaandika ukurasa mmoja: tia grisi, kaza nati, safisha. Wakaudhika, wakadhani anaficha.

Hakuwa anaficha. Alikuwa na vijana wawili ambao baadaye walikuja kuisikia mashine kama yeye, na namna walivyojifunza niliiona kwa macho yangu. Mmoja alitoka kijiji cha jirani na kwao fundi, akawa mtani wake. Mwingine alimsaidia fundi kumpeleka mtoto hospitali usiku. Baada ya hapo walikula pamoja, na kila walipokula walizungumza habari za mashine: ile iliyoungua mwaka fulani, ile iliyomshinda Mzungu, ile iliyoleta kelele kama ya chura kumbe ni kibanzi kimenasa. Huku wakicheka, walikuwa darasani.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba huko Marekani mtaalamu mmoja, Julian Orr, aliwafuata mafundi wa kampuni ya Xerox waliokuwa wakitengeneza mashine za kunakili karatasi, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1996. Alikuta jambo hilo hilo. Kitabu cha maelekezo kilikuwa hakitoshi, na mafundi walifundishana kwa kusimuliana visa vya mashine wakati wa chakula na kahawa. Ukiwaangalia kwa mbali ungesema wanapoteza muda wa mwajiri.

Kuna jambo la kutazama hapa, nalo ni woga wa kuuliza. Sisi husema kuuliza si ujinga, lakini katika ofisi nyingi nilizozipitia aliyeuliza alihesabiwa mjinga, na aliyemwuliza mkubwa wake alihesabiwa mtovu wa adabu. Mtu huuliza pale tu anapojua hatachekwa kwa ubaya. Ndiyo maana nathamini sana utani. Mtani wako atakucheka mbele ya watu wote, kisha atakuonyesha, na hakuna atakayeondoka na jeraha. Sisi wenyewe tumelishuhudia hili shuleni. Aliyefahamu hesabu alimfundisha asiyefahamu, usiku, kwa sauti ya chini, kwa sababu mmoja alilala kitanda cha juu na mwingine cha chini. Mwalimu alifundisha darasa zima mchana, na bweni likamalizia kazi yake usiku.

Undugu unaofunga mlango

Ndugu Mwenyekiti, nisingependa watu waondoke hapa wakidhani nimekuja kusifu kujuana. Kujuana kumeiumiza nchi hii, na wote tunalijua hilo. Kamba ile ile inayovuta ndoo inaweza kumfunga mtu.

Jambo la kwanza, uhusiano unaopitisha ujuzi mwema hupitisha na mbaya. Hapa ziwani tangu mwaka 1998 vimeundwa vikundi vya wavuvi vya kulinda rasilimali ya samaki, maarufu kama BMU, katika mialo mbalimbali. Fikra yake ni nzuri: wavuvi wanajuana, basi walindane. Lakini mahali pengine kujuana huko huko kumemfanya mlinzi amwarifu binamu yake aliyeficha kokoro kwamba doria inakuja. Ujuzi umepita vizuri kabisa, ila samaki wachanga ndio waliolipia.

Jambo la pili, walio nje ya kikundi hubaki nje ya ujuzi. Nani anajua zaidi habari ya dagaa waliooza, dagaa wenye mchanga, na bei itakayoshuka kesho? Ni akina mama wanaowaanika. Lakini mikutano ya mwaloni mara nyingi hufanywa na wanaume. Nanyi mmesikia habari za mjane wa mwenzetu. Laiti chama kile kingemketisha mezani mapema, nusu ile ya daftari isingepotea.

Jambo la tatu, watu wanaokaa pamoja siku zote mwisho huambiana yale yale. Mark Granovetter, msomi wa Marekani, alieleza mwaka 1973 kwamba habari mpya, kama za nafasi za kazi, aghalabu mtu huzipata kwa watu anaowafahamu kwa mbali, si kwa rafiki wa kila siku. Hilo nalo ni kweli. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa hiyo taasisi inahitaji yote mawili: watu wa karibu wa kufundishana mambo magumu, na watu wa mbali wa kuleta mambo mapya. Na hapo ndipo chama cha wanafunzi wa zamani kinapokuwa kitu cha pekee. Sisi ni watu wa karibu kwa sababu tulikula ugali wa sufuria moja, na ni watu wa mbali kwa sababu tumetawanyika Musoma, Mwanza, Dodoma na ng'ambo, kila mmoja katika kazi yake. Sijui mashirika mangapi yanaweza kujivunia utajiri huo.

Tufanye nini

Sasa nifike kwenye lile lililonileta. Tazameni viti hivi. Wengi wetu tuna mvi, na wengine mmekuja mkishikwa mkono. Kati yetu wamo makarani wa ushirika, mafundi, wauguzi, mabwana shamba, mabwana samaki na walimu. Huko nje, katika vyama vya msingi ambavyo leo vinaitwa AMCOS, wamo vijana wa miaka ishirini na kitu waliokabidhiwa mizani, fedha za watu na kompyuta, wala hawana mzee wa kumwuliza. Kijana akikosea hesabu, mkulima wa Mwibara ndiye atakayekosa ada ya mtoto. Nasi tunakutana mara moja kwa mwaka, tunakula nyama, tunasomewa majina ya marehemu, tunasimama kimya dakika moja, tunarudi makwetu. Kila jina lililosomwa asubuhi ya leo lina daftari lake ambalo hakuna awezaye kulisoma.

Kwa hiyo naleta mapendekezo manne, na naomba Mkutano uyajadili leo kabla ya chakula, maana baada ya chakula nawafahamu.

Kwanza, kila mstaafu aliyeko hapa achague kijana mmoja anayefanya kazi aliyokuwa akiifanya yeye. Asianze kwa kumfundisha. Aanze kwa kumtembelea, amjue mke wake au mume wake, ahudhurie msiba wake ukitokea. Mafunzo yatakuja yenyewe.

Pili, Katibu aandike orodha ya nani anajua nini. Tuna kundi letu la simu, ambalo nalipongeza kwa kupeleka rambirambi upesi. Lakini kijana akiuliza swali la kazi humo, hukaa siku tatu bila jibu, kwa sababu hajui amwulize nani, nasi hatumjui yeye ni mtoto wa nani. Orodha haitafundisha mtu, ila itaonyesha mlango wa kubisha hodi.

Tatu, katika mkutano wa mwakani itengwe nusu siku ya visa vya kazi. Kila mtu asimulie jambo moja lililomshinda na namna lilivyokwisha. Vijana wakae kati ya wazee, wasiwekewe meza yao pembeni, na wake zetu nao wapewe nafasi ya kusema, kwa sababu wao ndio walioshika taa.

Nne, anayefundisha atajwe. Nimeona watu wengi wakinyamaza na ujuzi wao kwa sababu siku za nyuma walimpa mtu, naye akaenda nao kwa mkubwa kama wa kwake. Mtu akitajwa mara moja hadharani, atatoa tena bila kuombwa.

Pendekezo hata moja kati ya haya halihitaji mfadhili. Yote yanahitaji muda, na muda ndio tulio nao kidogo kuliko kitu kingine chochote. Mimi kwa upande wangu nimekwisha kumpata kijana wangu. Ni katibu wa chama cha msingi umbali wa saa moja kwa baiskeli kutoka nyumbani kwangu. Mwezi uliopita alikuja kunisaidia kuezeka banda la mbuzi. Tulipomaliza akaniuliza habari ya magunia yenye unyevu, nami nikamjibu mpaka kiza kikaingia.